Kovu la Pafu kwenye Sahani ya Visima Sita: Mwongozo Kamili kwa Maabara Zetu

Baba mkubwa wangu anaishi Nyalenda, hapa Kisumu. Alimeza dawa za TB miezi yote sita, makohozi yakapimwa yakawa safi, akaambiwa amepona. Lakini kutoka mlangoni kwake hadi stendi ya bodaboda husimama mara tatu kutafuta pumzi. Bakteria waliondoka, kovu likabaki.

Hayuko peke yake. Wapo wanaosaga mawe ya dhahabu Kakamega na Migori na kuvuta vumbi la kwatzi kutwa nzima. Wapo akina mama waliobanika samaki kwa kuni miaka thelathini. Na upo ugonjwa wa makovu ya mapafu usiojulikana chanzo, ambao huwapata zaidi watu waliovuka miaka 60 na ambao bila matibabu wengi hawaishi zaidi ya miaka 3 hadi 5 baada ya kugunduliwa. Dawa mbili, pirfenidoni na nintedanibu, ziliidhinishwa Marekani mwaka 2014. Zinapunguza kasi ya ugonjwa tu. Kovu lililokwisha kuwapo haziliondoi.

Nimefanya kazi ya kukuza seli kwa miaka kadhaa, na kila mwaka wanafunzi hunijia na swali lilelile: nawezaje kuchunguza makovu ya mapafu hapa kwetu, bila panya na bila mamilioni ya shilingi? Unaweza. Unahitaji seli za mapafu, protini moja ya kuzichochea, na uaminifu mkubwa katika vilinganisho, yaani visima vya kulinganishia. Huo uaminifu ndio nitakaousisitiza zaidi, kwa sababu sahani yenyewe ya plastiki, ile yenye vishimo (visima) vya kukuzia seli, inadanganya.

Kwanza, elewa unachokiiga

Pafu likijeruhiwa, seli zinazoitwa fibroblasti huja kufuma kiraka. Katika pafu lenye afya hufuma kidogo, kisha hutulia au hufa. Katika pafu lenye ugonjwa hazitulii. Hubadilika na kuwa miofibroblasti: hupanuka, hujijaza nyuzi za protini iitwayo alfa-SMA, ileile ya misuli laini, kisha huvuta tishu na kumwaga kolajeni na fibronektini bila kikomo. Vifuko vya hewa hukazwa na pafu huwa gumu.

Mchochezi mkuu ni protini iitwayo TGF-beta 1. Ikishika kipokezi chake juu ya seli, huwasha protini za SMAD2 na SMAD3, nazo huingia kwenye kiini na kuamuru jeni za kolajeni na alfa-SMA zifanye kazi. Mtindo wa kawaida wa maabara ni huo tu: chukua fibroblasti za pafu, zipe TGF-beta 1, upime mabadiliko.

Ila kuna jambo ambalo wengi hulipuuza. Pafu lenye afya ni laini, ugumu wake ni kilopaskali (kipimo cha ugumu) chache tu. Pafu lenye kovu hupanda hadi karibu kilopaskali 20 au zaidi. Plastiki ya sahani hufikia gigapaskali, yaani ni ngumu mara maelfu kwa maelfu kuliko hata kovu lenyewe. Fibroblasti huhisi ugumu huo kwa miguu yake, na hata kabla hujaongeza chochote, tayari imeanza kugeuka. Kwa hiyo kisima chako cha “seli za kawaida” si pafu la kawaida. Ukilikumbuka hilo, kila hatua inayofuata utaifanya kwa uangalifu zaidi.

Chagua seli kulingana na swali

Kwa swali la fibroblasti, anza na MRC-5. Zilitokana na pafu la kijusi cha wiki 14 mwaka 1966, si za saratani, na hugawanyika mara 42 hadi 46 tu kabla ya kuzeeka. Hilo lina maana kubwa kwako: andika idadi ya migawanyiko kwenye kila chupa, na usifanye majaribio kwa seli zilizokaribia mwisho. Seli zee hupanuka na kutoa alfa-SMA zenyewe, nawe utadhani umegundua jambo.

A549 ni seli za uso wa vifuko vya hewa, lakini zilitoka kwenye uvimbe wa saratani. Ukizipa TGF-beta 1 kwa saa 48 hadi 72, hupoteza protini ya E-kadherini inayozishikamanisha, huongeza vimentini, protini ya seli zinazofanana na fibroblasti, na hurefuka kama punje za mchele. Ni jaribio zuri la kufundishia, na mabadiliko yanaonekana kwa macho. Lakini usiandike kwamba ndivyo kovu linavyozaliwa ndani ya mgonjwa. Uchunguzi wa kufuatilia asili ya seli kwa wanyama umeonyesha kwamba miofibroblasti nyingi hazitokani na seli hizo za uso. Mimi huzitumia A549 kwa swali la jeraha la uso wa pafu, sio kwa swali la nani anafuma kovu.

Kwa swali la vumbi la migodini, utahitaji seli ya tatu, na nitaifikia.

Andaa chumba, na usisahau mwinuko wa mahali ulipo

Utahitaji kabati ya usalama wa kibiolojia, inkubeta ya kaboni dioksaidi, hadubini ya kutazama kutoka chini, mashine ya kuzungushia mirija, bafu la maji la nyuzi 37, na friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kuhifadhi seli kwa muda mrefu kunataka naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Msiiogope: wahudumu wa uhimilishaji wa ng'ombe hubeba matangi hayohayo kwa pikipiki kila siku huko Nakuru. Ogopeni tu chumba kisicho na madirisha, kwa sababu ikivuja hufukuza oksijeni, na msitoe kichupa humo bila kuvaa kinga ya uso mzima.

Sasa mwinuko. Miongozo mingi iliandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Kisumu iko mita 1,131 juu ya bahari, Nakuru karibu 1,850. Hewa yetu ni nyepesi, na kaboni dioksaidi ndiyo inayoshikilia uasidi wa midia, yaani chakula cha majimaji cha seli. Asilimia 5 ya kaboni dioksaidi mjini Nakuru ina mgandamizo sawa na asilimia 4 ya Mombasa; Kisumu ni kama 4.4. Rafiki yangu wa Nakuru alinipigia simu akiwa amekata tamaa: midia yake inageuka kutoka rangi ya chungwa iliyoiva kuwa waridi hadi zambarau ndani ya inkubeta, na seli zinasuasua. Alikuwa amebadilisha chupa tatu za midia. Tulipandisha kipimo hadi karibu asilimia 6, kesho yake rangi ikarudi. Fanya hivi: weka midia tupu kwenye flaski iliyolegezwa kifuniko, iache usiku kucha ndani ya inkubeta, kisha pima pH, yaani kiwango cha uasidi, asubuhi. Ikiwa kati ya 7.2 na 7.4, uko sawa. Usiamini namba ya kwenye kioo peke yake.

Otoklevu, chungu cha mvuke cha kutakasia vyombo, nayo ina hesabu hiyohiyo. Ili mvuke ufike nyuzi 121, geji ya pwani husoma pauni 15 kwa inchi mraba. Kisumu inatakiwa isome karibu 17, Nakuru karibu 18. Kama mashine yako ni ya zamani, ya kuongozwa na geji tu, ukisimama kwenye 15 umechemsha, hujatakasa.

Na stima. Niliwahi kupoteza wiki tatu za kazi kwa usiku mmoja: umeme ulikatika saa nne usiku, jenereta ya jengo haikuwaka, na asubuhi nilikuta seli zimejikunja kama vijipira vinavyoelea. Tangu siku hiyo nina sheria mbili. Kila kundi jipya la seli nagandisha angalau vichupa kumi kabla ya kufanya jaribio lolote. Na inkubeta iko kwenye betri ya akiba, hata ya saa mbili, kwa sababu mlango uliofungwa hutunza joto kwa muda.

Kuyeyusha, kugawa, kugandisha

Yeyusha haraka. Tikisa kichupa ndani ya maji ya nyuzi 37 kwa dakika moja au mbili, hadi ibaki punje ndogo ya barafu. Kipanguse kwa spiriti ya asilimia 70, mimina seli polepole kwenye mililita 9 za midia yenye joto, zungusha kwa nguvu ndogo dakika 5, mwaga majimaji ya juu, weka midia mpya. MRC-5 hupenda midia ya MEM yenye seramu ya ndama asilimia 10.

Gawa zikifunika karibu asilimia 80 ya flaski. Zisuuze kwa PBS (maji ya chumvi) kwanza, maana seramu iliyobaki huzuia tripsini, kimeng'enya kinachobandua seli, kisha weka tripsini kidogo na utazame kwa hadubini. Zikiwa duara na kuanza kuteleza, izime tripsini kwa midia yenye seramu. Zikikaa dakika kumi kwenye tripsini, umeziumiza.

Gandisha polepole, nyuzi moja kwa dakika, katika seramu yenye asilimia 10 ya DMSO, kimiminika kinachokinga seli zisipasuliwe na barafu. Yeyusha haraka, gandisha polepole: wanafunzi wangu huimba hivyo.

Kabla ya jaribio la kwanza, pima mikoplazma. Huyu ni bakteria asiye na ukuta, mdogo kiasi cha kupenya kwenye chujio, haifanyi midia iwe na ukungu, wala huwezi kumwona kwa hadubini ya kawaida. Lakini hubadilisha jinsi seli zinavyoitikia karibu kila kitu. Kipimo cha PCR, cha kurudufisha DNA, ni cha bei nafuu ukilinganisha na mwaka wa matokeo yasiyo na maana. Na kama seli ulipewa na rafiki wa rafiki, zithibitishe kwa alama za DNA kwamba ni zile ulizoambiwa. Dunia nzima watu wameandika makala juu ya seli ambazo baadaye ziligundulika kuwa HeLa, seli za saratani ya mlango wa kizazi.

Jaribio lenyewe

Siku ya kwanza, panda seli 150,000 za MRC-5 kwa kila kisima cha sahani ya visima 6. Hesabu kwa bluu ya tripani, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa, usikadirie kwa macho.

Siku ya pili, zifunge chakula. Ondoa midia, suuza, weka midia yenye seramu asilimia 0.5 au chini, kwa saa 24. Sababu ni kwamba seramu yenyewe ina TGF-beta. Ukiiacha, kisima chako cha kulinganisha tayari kimechochewa.

Siku ya tatu, chochea. Hapa nitakwenda polepole, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotelea. Kichupa cha TGF-beta 1 mara nyingi huja na mikrogramu 2 za unga usioonekana. Kizungushe kwanza kwenye mashine, la sivyo unga utabaki kwenye kifuniko. Uyeyushe kwa mikrolita 200 za asidi hafifu ya haidrokloriki, milimola 4 kwa lita, yenye albumini miligramu 1 kwa mililita. Albumini ni ya lazima: protini hii hung'ang'ania plastiki, na bila albumini sehemu kubwa yake itabaki ukutani mwa mrija. Sasa una nanogramu 10 kwa kila mikrolita. Unataka nanogramu 5 kwa mililita kwenye seli, kwa hiyo katika mililita 10 za midia weka mikrolita 5. Kilichobaki kigawe kwenye mirija midogo na ukigandishe mara moja. Ukiyeyusha na kugandisha tena na tena, nguvu inakwisha.

Visima vyako viwe hivi. Kimoja chenye asidi na albumini tu bila TGF-beta. Kimoja chenye TGF-beta. Kimoja chenye TGF-beta pamoja na kizuizi SB-431542, mikromola 10, ambacho hufunga kipokezi. Kimoja chenye TGF-beta na DMSO peke yake, kwa sababu kizuizi na dawa nyingi huyeyushwa humo. DMSO isizidi asilimia 0.1. Kisha visima vya dawa unayoichunguza. Vizuizi na dawa viingie dakika 30 hadi 60 kabla ya TGF-beta.

Kisima cha SB-431542 ndicho shahidi wako. Alfa-SMA isipopanda pale TGF-beta ilipo, TGF-beta yako imekufa. Ikipanda na kizuizi kisiishushe, plastiki au uzee wa seli ndio unaofanya kazi, si wewe.

Kupima: kila kitu na saa yake

SMAD3 iliyowashwa hutafutwa dakika 30 hadi 60 baada ya uchocheo. RNA ya jeni hukusanywa saa 24. Protini ya alfa-SMA saa 48. Kolajeni iliyotandazwa huhitaji saa 72 na zaidi. Mwanafunzi anayekusanya vyote saa 24 atalalamika kwamba mtindo haufanyi kazi.

Kwa RNA, pima ACTA2, COL1A1 na FN1 (jeni za alfa-SMA, kolajeni na fibronektini), ukilinganisha na jeni tulivu kama GAPDH. Mfano, kwa mizunguko ya PCR: GAPDH imebaki 17 kwenye visima vyote, ACTA2 imeshuka kutoka mzunguko wa 24 hadi 21.5. Tofauti ni 2.5, na 2 kwa kipeo cha 2.5 ni karibu 5.7. Jeni imepanda mara 5.7. Hakikisha kwanza kwamba GAPDH kweli imetulia.

Kwa picha, panda seli kwenye vioo vidogo, zikaze kwa paraformaldehaidi asilimia 4 kwa dakika 15, zitoboe kwa Triton (aina ya sabuni), kisha weka kingamwili ya alfa-SMA usiku kucha kwenye baridi. Mara ya kwanza unapoziona nyuzi zile zimenyooka ndani ya seli kama kamba za hema zilizokazwa, unaelewa kwa nini pafu la mgonjwa halitanuki.

Kwa kolajeni, ongeza vitamini C, mikrogramu 50 kwa mililita, tangu siku ya uchocheo. Bila hiyo seli haziwezi kukamilisha kolajeni, sawa na mtu mwenye kiseyeye. Baadaye paka rangi ya Sirius nyekundu, inayoshika kolajeni, suuza, iyeyushe kwa sodiamu haidroksaidi na usome kwenye nanomita 540 hadi 550. Tahadhari: rangi hii huyeyushwa katika asidi ya pikriki, ambayo ikikauka hulipuka. Chupa isiachwe ikauke shingoni, kamwe.

Na kabla ya kufurahia dawa yoyote, pima kama seli ziko hai. Dawa inayoua seli nayo itapunguza kolajeni. Nasema hivi hasa kwa wanaoleta dondoo za mitishamba, na wengi huku kwetu wanaleta, nami nawaunga mkono. Dondoo la majani ya mwarobaini lina rangi yake, na rangi hiyo husomwa na mashine kama vile ni matokeo. Weka kisima chenye dondoo bila seli, na usomaji wake uutoe kwenye matokeo.

Toka kwenye plastiki: jeli ya kolajeni

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu ni cha bei ya chini na kinaziweka seli mahali laini. Fanya kila kitu juu ya barafu. Kwa mililita 4: kolajeni ya mkia wa panya miligramu 3 kwa mililita, chukua mililita 2. Ongeza mililita 0.4 za PBS iliyokolezwa mara 10, yenye rangi ya fenoli nyekundu. Ongeza mikrolita 46 za sodiamu haidroksaidi ya mola 1, tone kwa tone, hadi rangi itoke manjano na kuwa waridi hafifu. Malizia na mililita 1.55 za midia yenye seli 800,000. Changanya polepole bila mapovu na weka mililita 0.5 kwenye kila kisima cha sahani ya visima 24 vilivyopakwa albumini. Ingiza kwenye inkubeta dakika 45 hadi saa moja.

Ikishaganda, weka midia juu na uizungushie ncha ya pipeti ukingoni ili jeli iachie ukuta. Piga picha saa 0, 24 na 48 kutoka urefu uleule, pima eneo kwa programu ya bure ya ImageJ. Jeli yenye TGF-beta hujikunja na kuwa ndogo. Ile yenye kizuizi hubaki pana. Unaliona kovu likivuta, bila kingamwili hata moja.

Vumbi la mgodini

Silika, madini ya lile vumbi la kwatzi, haifanyi kazi yake kubwa moja kwa moja juu ya fibroblasti. Makrofaji, seli walinzi zinazomeza uchafu, huimeza, fuwele hupasua kifuko cha usagaji ndani ya seli, na kengele ya uvimbe hulia kupitia protini iitwayo IL-1 beta. Kwa hiyo tumia seli za THP-1, zilizotoka kwenye saratani ya damu, zigeuze makrofaji kwa kemikali ya PMA, zipe fuwele za silika zilizopimwa ukubwa, kisha chukua midia yao, izungushe kutoa vumbi, na uipeleke kwa MRC-5. Vumbi la Kakamega lenyewe linaweza kutumika, ila lazima uondoe sumu za bakteria kwa joto kali kwanza, la sivyo utapima uchafu wa udongo.

Mara tatu maana yake nini

Visima vitatu kutoka flaski moja siku moja ni maji ya mtungi mmoja yaliyomiminwa kwenye vikombe vitatu. Jaribio limerudiwa mara tatu ukiyeyusha au kugawa seli upya, siku tofauti, na uchocheo ulioandaliwa upya. Takwimu zihesabiwe kwa namba hiyo. Na taka zote za seli ziloweke kwenye Jik iliyochanganywa moja kwa kumi kwa nusu saa kabla ya kumwagwa. Kilicho na Jik kisiingie otoklevu.

Ukifika kwenye seli za wagonjwa

Ukishamudu MRC-5, utataka fibroblasti za watu wetu wenyewe, kutoka vipande vinavyobaki baada ya upasuaji. Hapo usianze na kisu, anza na kamati ya maadili ya utafiti na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya. Fomu ya ridhaa iwe kwa lugha anayoota nayo mgonjwa: Kiswahili, Dholuo, Luluhya. Nilipomweleza baba mkubwa kazi yangu aliuliza maswali matatu mfululizo: hizo chembe zitakuwa hai? Zitakaa muda gani? Na zikiuzwa, ni za nani? Nimeyaweka maswali hayo matatu, kwa maneno yake, juu kabisa ya fomu yetu, na chini ya kila moja tumeandika jibu kwa sentensi moja.